Mgombea Hajaulizwa Swali la Nyongeza

Kampeni zetu zina spika kubwa na hazina maikrofoni ya mpiga kura. Nenda Mwembeyanga hapa Temeke, nenda Zakhem kule Mbagala, vuka mji uende Biafra Kinondoni au Tanganyika Packers Kawe, mpangilio ni uleule. Fuso limeegeshwa likawa jukwaa, singeli inapigwa mpaka vumbi linanyanyuka, bodaboda zinazunguka na bendera, wenye fulana mpya wamepangwa mbele ya kamera. Jua likishapoa mgombea anapanda. Anamwaga sera dakika ishirini, anawanadi madiwani wake, anainua mikono, na msanii anarudi na wimbo wa chama. Saa kumi na mbili jioni muda wa mikutano umekwisha kwa mujibu wa maadili ya uchaguzi, nasi tunaanza kugombania daladala. Tumesimama mchana kutwa, umati wote ule, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza mtu yule swali.

Kijiweni kwetu Tandika jambo hilo ndilo linalotoa misonyo mirefu kuliko yote. Simba na Yanga wanazozana na kusameheana, bei ya mafuta inalalamikiwa na kuzoeleka, lakini hili la kuhutubiwa kama watoto wa shule kila baada ya miaka mitano watu hawalimezi. Pale kuna mzee mstaafu wa bandari, dereva wa bajaji, fundi simu ambaye benchi lake ndilo televisheni yetu, na mama anayekaanga mihogo, ambaye hakai kabisa lakini kila neno analidaka.

Mimi nina hoja moja, na nimeirudia mpaka muuza kahawa ameikariri: mgombea aulizwe swali la nyongeza. Yeyote aliyewahi kufuatilia Bunge letu redioni anaujua utaratibu wake. Naibu Waziri anasoma jibu lililoandaliwa na wataalamu wa wizara, limenyooka, lina takwimu, lina "mchakato unaendelea". Kisha mbunge anasimama: nashukuru kwa majibu mazuri ya Naibu Waziri, nina maswali mawili madogo ya nyongeza. Hapo karatasi imeisha, anayejibu sasa ni mtu mwenyewe. Swali la kwanza kila mwanasiasa ana jibu lake mfukoni tangu nyumbani. La pili ndilo linaloonyesha kama anajua anachokisema au amekaririshwa. Ndiyo maana watu waliumia Januari 2016, TBC ilipoacha kurusha Bunge moja kwa moja kwa maelezo kwamba gharama ni kubwa. Sehemu pekee ambayo mwananchi wa kawaida alikuwa anaona mkubwa akiulizwa mara mbili iliondolewa sebuleni kwake.

Tuangalie hasara ya kukosa swali hilo la pili hapahapa kwetu kabla hatujaenda mbali. Septemba 15, 2007, Dk. Willibrod Slaa wa Chadema alisimama Mwembeyanga akasoma majina kumi na moja ya watu aliowaita mafisadi. Jina la Edward Lowassa, Waziri Mkuu wa wakati huo, lilikuwamo. Februari 2008 Lowassa akajiuzulu kwa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond. Mwaka 2015 Lowassa huyohuyo akawa mgombea urais wa Chadema akiungwa mkono na Ukawa, muungano wa vyama vya upinzani, Dk. Slaa akajiweka pembeni, na kura zaidi ya milioni sita zikaenda kwa Lowassa. Mimi sisemi alikuwa na hatia. Hakuna mahakama iliyomtia hatiani, na tuhuma zile alizikana. Ninachosema ni kwamba watu waliosimama juani mwaka 2007 kusikiliza majina walistahili kuuliza mwaka 2015: mlitudanganya lini, siku ile au leo? Nani angeliuliza? Wapi? Kampeni ilikuwa mafuriko ya watu na hotuba fupi. Lowassa alipanda daladala Gongo la Mboto, Magufuli wa CCM akapiga pushapu jukwaani, na nchi nzima ikabishana nani ana afya zaidi. Wawili hao hawakuketi meza moja hata mara moja. Mdahalo ulifanyika na wagombea wa vyama vidogo wakaenda, akiwemo Anna Mghwira wa ACT-Wazalendo, mwanamke pekee katika mbio zile za urais. Walioenda kujibu ni wale ambao hakuna aliyehofia kuwa wangeshinda.

Na upande wa CCM nao usijifute jasho. Kinondoni walimchagua Maulid Mtulia mwaka 2015 kwa tiketi ya CUF. Desemba 2017 akajiuzulu ubunge, akahamia CCM, na Februari 17, 2018 akarudishwa bungeni kwa uchaguzi mdogo wa jimbo lilelile. Sisi wa Temeke tulikuwa na Abdallah Mtolea, naye wa CUF, naye akajiuzulu Novemba 2018, akahamia CCM, akapita bila kupingwa. Kila mmoja alitoa sababu zake, na mtu ana haki ya kuhama chama. Lakini kura zilizompeleka zilikuwa za watu waliosikia hoja fulani, na uchaguzi wa marudio unalipiwa na kodi. Kulikuwa na haja ya kumkalisha mheshimiwa kwenye kiti, siku mbili au tatu kabla ya kupiga kura, mbele ya watu wa jimbo lake, aulizwe: ulisema vile, leo unasema hivi, kilichobadilika ni nini hasa? Akijibu, aulizwe tena.

Badala yake Kinondoni ilipata jioni ya Februari 16. Chadema walikuwa wanaandamana wakidai viapo vya mawakala wao, polisi wakatawanya watu, na mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji akapigwa risasi akafa. Alikuwa abiria ndani ya daladala. Sijui mtu wa Kinondoni anayelitaja jambo hili bila kunyamaza kidogo.

Kwa hiyo fundi simu anapotuonyesha ya wenzetu, sisi hatuangalii kwa ajili ya kuchekeshwa. Alfajiri ya Juni 28, 2024, saa kumi kwa saa zetu, makonda wa Mbagala ndio kwanza wanaamka, Joe Biden na Donald Trump walikuwa wamesimama Atlanta kwenye studio isiyo na mashabiki, kipaza sauti cha asiye na zamu kikiwa kimezimwa. Dakika tisini. Hakuna ngoma, hakuna fulana, hakuna wa kumshangilia mtu anapokwama. Biden, rais aliye madarakani, alikwama mara kadhaa mbele ya dunia nzima. Julai 21 akatangaza kwamba hagombei tena. Chama kilikuwa kimewaambia watu kwamba mzee yuko imara, na dakika tisini za maswali zikaonyesha vingine. Septemba mwaka huohuo Trump alipomwambia Kamala Harris, aliyechukua nafasi ya Biden, kwamba wahamiaji wa mji wa Springfield, Ohio, wanakula mbwa na paka za watu, mtangazaji alimwambia palepale kwamba uongozi wa mji umesema hakuna taarifa ya kuaminika ya jambo hilo.

"Na akashinda," alisema mzee wa bandari, akigeuza kikombe chake juu chini. "Huo mdahalo wenu ulisaidia nini?"

Ni swali zuri na lazima lijibiwe sawasawa. Mdahalo hauchagui kiongozi mwema. Unamnyima mpiga kura kisingizio cha kusema hakuambiwa. Mmarekani aliyempigia Trump alimpigia akiwa amemwona akisahihishwa. Na Uingereza ni hivyohivyo. Mwaka 2017 Theresa May alikataa mdahalo wa viongozi akamtuma waziri wake Amber Rudd, na siku chache baadaye chama chake kikapoteza wingi wa viti bungeni. Mwaka 2019 Boris Johnson hakutokea kwenye mdahalo wa Channel 4 kuhusu tabianchi, wakaweka donge la barafu kwenye nafasi yake likayeyuka taratibu mpaka kipindi kinakwisha, na bado akashinda kwa viti vingi. Anayekimbia maswali mara nyingine anaadhibiwa na mara nyingine anasamehewa. Lakini kule akikimbia anaonekana amekimbia. Nafasi yake iko wazi, kamera inaielekea. Kwetu mgombea akikataa mdahalo hakuna nafasi inayobaki wazi, kwa sababu kiti chenyewe hakikuwekwa. Mwaka 2010 CCM ilitangaza kwamba wagombea wake hawatashiriki midahalo, na maisha yakaendelea kama kawaida. Hilo ndilo linaloniuma.

Mama wa mihogo alilimaliza kwa njia yake, mikono yake ikiwa bado kwenye karai. "Samaki wa Feri humnunui bila kumfunua shavu. Huyu wa miaka mitano mnamnunua amefungwa kwenye gazeti."

Uganda nao wana hadithi yao. Januari 2016 walifanya mdahalo wao wa kwanza wa urais na Yoweri Museveni, aliyekuwa Ikulu tangu 1986, hakwenda. Nafasi yake ikabaki wazi mbele ya wapinzani wake Besigye, Mbabazi na wengine. Februari, siku chache kabla ya kura, ukaitishwa wa pili. Akaenda. Mtu aliyetawala miaka thelathini aliona kwamba ile nafasi wazi inamsema vibaya. Hatusemi uchaguzi wa Uganda ni wa kuigwa, maana ule wa 2021 tuliona Bobi Wine alivyokamatwa, watu zaidi ya hamsini wakafa kwenye vurugu za Novemba 2020, intaneti ikazimwa. Ila kwa jioni moja Mganda aliona rais wake akisubiri zamu ya kuongea.

Tukifika Kenya ndipo kijiwe kinapowaka.

"Mwanangu, unawasifu hao, umesahau walivyokatana mapanga?" Mzee hajawahi kuisahau 2007, kwa sababu alikuwa na jamaa Mombasa.

"Kwa heshima yako, mzee wangu, mwaka 2007 Wakenya hawakuwa na mdahalo. Kibaki na Raila hawakusimama pamoja. Walizungumza na mashabiki wao tu, kila mtu na uwanja wake, mpaka watu zaidi ya elfu moja na mia moja wakafa. Mdahalo wa kwanza wa urais walifanya baada ya hapo, Februari 11, 2013."

Ule wa 2013 tuliuangalia kwa wivu. Wagombea wanane kwa safu, kwenye ukumbi wa shule ya Brookhouse, Nairobi, ukirushwa na vituo vikubwa vyote kwa wakati mmoja. Paul Muite alikwenda mahakamani ili naye awekwe. Mwalimu Dida, ambaye nchi nzima ilikuwa haimjui asubuhi, kufikia usiku alikuwa gumzo. Na lile lililokuwa zito kuliko yote liliulizwa waziwazi: Uhuru Kenyatta ana kesi The Hague, ataongozaje nchi? Raila akasema itakuwa kazi ngumu kuendesha serikali kwa Skype. Uhuru akajibu kwamba hiyo ni changamoto yake binafsi na haitamzuia kufanya kazi. Walisimama kila mmoja hatua chache kutoka kwa mwenzake, miaka mitano baada ya wafuasi wao kuuana, wakaulizana na kujibizana na hakuna aliyetupa jiwe. Mzee alikubali hilo kwa kichwa tu, mdomo haukusema.

Wakenya wenyewe wameanza kulegea. Mwaka 2017 Uhuru hakutokea, Raila akaongea peke yake. Mwaka 2022 Raila akagoma, William Ruto akasimama peke yake na watangazaji, akaulizwa na kuulizwa tena, kisha akashinda kwa tofauti ya kura kama 233,000. Sitaki kusema kura zile zilitokana na mdahalo, hakuna anayeweza kuzipima. Lakini kule hata mdahalo ukiharibika kuna ngazi nyingine ya maswali. Septemba 1, 2017 Jaji Mkuu David Maraga na wenzake walifuta matokeo ya urais, wa kwanza kufanya hivyo Afrika. Malawi wakafuata Februari 2020. Katiba yetu, ibara ya 41(7), inasema rais akishatangazwa na Tume, hakuna mahakama itakayochunguza. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, ambayo inakaa Arusha, ndani ya nchi yetu, ilisema mwaka 2020 kwamba kifungu hicho kinavunja haki za watu. Kwa hiyo mgombea wetu haulizwi uwanjani, haulizwi studioni, na akishatangazwa haulizwi mahakamani.

Lakini kiti cha mdahalo tulikuwa nacho! Hili vijana wengi wa kijiweni hawalijui, na nikilisema wananitazama kama natunga. Oktoba 1995, uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu vilipoondolewa, wagombea wote wanne wa urais waliketi pamoja Hoteli ya Kilimanjaro mbele ya kamera: Benjamin Mkapa wa CCM, Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi, Profesa Ibrahim Lipumba wa CUF na John Cheyo wa UDP. Televisheni Bara ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu ianze. Mrema alikuwa anasukumiwa gari na mashabiki barabarani, nchi imepagawa naye. Mkapa hakuwa na mvuto wa uwanjani hata kidogo. Ukiwakutanisha Mwembeyanga, Mrema angemmeza. Mezani wakaonekana kwa namna nyingine, na watu walioshuhudia bado wanagawanyika nani alimshinda nani, jambo ambalo ni afya. CCM haikufa kwa mgombea wake kukaa na wapinzani. Mkapa alipata karibu asilimia 62. Mrema naye hakupotea: mwaka uliofuata sisi wa Temeke tulimpa ubunge kwenye uchaguzi mdogo. Uchaguzi wenyewe hapa Dar ulivurugika, vifaa vikachelewa, tukarudia Novemba 19, lakini ule mdahalo ulikuwa wa heshima. Zaidi ya miaka thelathini imepita na wagombea wakubwa hawajakaa tena meza moja.

Badala ya kusonga mbele tukarudi nyuma. Mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa 2016, ikaruhusiwa tena Januari 2023. Mwaka 2025 hata hilo la kila mtu na uwanja wake halikuwapo. Chadema iliondolewa kwenye uchaguzi kwa kutosaini maadili, Tundu Lissu akiwa gerezani kwa kesi ya uhaini, na Luhaga Mpina wa ACT-Wazalendo akaenguliwa. Rais Samia alitangazwa kwa zaidi ya asilimia 97. Oktoba 29 vijana waliingia barabarani, intaneti ikazimwa, Dar ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, na watu wakafa. Rais mwenyewe alipofungua Bunge Novemba alitoa pole na wabunge wakasimama kuwakumbuka. Wiki ile kijiwe hakikukaa. Kilipokaa tena, hakuna aliyeanza mazungumzo kwa muda mrefu, na mzee aliyezoea kutuambia "sisi ni kisiwa cha amani" hajalitamka neno hilo tangu siku hiyo. Mimi naamini kwa moyo wangu wote kwamba kijana aliyepata nafasi ya kumuuliza mkubwa swali, akasikia jibu, akauliza la pili, ana sababu moja pungufu ya kushika jiwe. Anaweza kubaki na hasira. Lakini amesikilizwa.

Na kinachonitoa msonyo wa mwisho ni kwamba hakuna nchi jirani iliyojaliwa kama sisi kwa jambo hili. Midahalo ya Nairobi na Kampala huendeshwa zaidi kwa Kiingereza, na mama muuza mboga wa Kibera anasubiri mtu amfafanulie. Huku kwetu Profesa Lipumba, dereva wa bajaji na mama wa mihogo wanaongea lugha moja. Mgombea hawezi kujificha kwenye msamiati. Akisema "mikakati shirikishi", mama atamuuliza kwa Kiswahili kilekile ina maana mtaro utachimbwa au hautachimbwa. Mdahalo wa urais wa Tanzania ukifanyika sawasawa, usiku wa saa tatu, TBC na vituo binafsi pamoja, redio za kijamii zimeunganishwa, ungeeleweka na watu wengi kwa mara moja kuliko wowote Afrika Mashariki. Gharama yake ni meza, viti, taa na mwongozaji asiyeogopa. Helikopta moja ya kampeni ni ghali kuliko hivyo vyote.

Wala tusianzie kwa rais kama wanaona ni juu sana. Waanze na wagombea ubunge wa Temeke na Kinondoni, ukumbi wa shule yoyote, Jumamosi mchana, wapiga kura ndio waulize. Madiwani pia. Tumezoea kupewa kanga, kofia na pilau. Sheria iliyoiita takrima halali ilitungwa mwaka 2000, na Mahakama Kuu ikaifuta 2006. Ubwabwa tumekula kwa miaka mingi, sasa tunaomba majibu.

Maswali tunayo tayari, tumeshayapanga kijiweni. Fundi simu atauliza bando, kwa nini intaneti inaweza kuzimwa nchi nzima bila mtu kufidiwa hata shilingi, wakati yeye analipa kodi ya fremu kila mwezi. Mzee ana la fidia ya nyumba zilizopasuka Mbagala mabomu ya jeshi yalipolipuka Aprili 2009, maana kila kampeni wanaahidiwa kwamba suala lao "linafanyiwa kazi", na la nyongeza lake ni: na nani, ofisi gani, chumba namba ngapi? Dereva wa bajaji ataanza kwa upole na barabara ya mwendokasi ya Mbagala. Atauliza kwa nini njia na vituo vilikamilika kabla ya mabasi, watu wa Kilwa Road wakabaki wanatazama lami tupu huku wananing'inia kwenye daladala. Mgombea atasema changamoto ilikuwa kumpata mwendeshaji na sasa imetatuliwa. Vizuri. Basi atashika tena maikrofoni: aliyesaini kujenga njia bila kuwa na mabasi ni nani, na leo yuko ofisi gani?